Barua za Wasomaji: Hao 384 Wanatoka Wapi?

Mwezi huu nimepokea barua tatu kutoka pembe tatu za Uganda, na zote zinagusa jambo moja: namna tunavyochunguza mafunzo ya wauguzi, wakunga, madaktari na wahudumu wa afya wa vijijini. Nimefundisha ukunga miaka 28. Sasa nimestaafu, naishi Mbale, na jambo hili bado linaninyima usingizi. Barua ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, kwa sababu aliyoyaandika dada huyu yalinifika mimi mwenyewe.

*Shikamoo Mama Mwalimu. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi na ukunga hapa Arua na ninasomea shahada ya uzamili. Nataka kujua kwa nini wanafunzi wetu wanafaulu vizuri patografu, ile chati ya kufuatilia mwenendo wa uchungu, darasani, lakini wakifika wodini hawaitumii inavyotakiwa. Nilipendekeza kuwahoji watu 18 na kukaa wodi ya wazazi nikitazama. Msimamizi wangu amenirudishia pendekezo langu na kuandika pembeni: "Sampuli 384?" Ananiambia maneno ya watu 18 ni umbea, si utafiti. Wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho ni 60 tu. Hao 384 nitawatoa wapi? Na je, ni kweli kwamba ninachotaka kufanya si sayansi?*
*Mkufunzi, Arua*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hiyo 384, maana imewaliza wengi.

Namba hiyo ina kazi yake maalumu. Ni ya mtu anayetaka kukadiria ni asilimia ngapi ya watu, katika umma mkubwa sana, wana jambo fulani. Kwa kuwa hajui lolote kabla ya kuanza, anakisia nusu kwa nusu. Anataka uhakika wa asilimia 95, na anakubali makadirio yake yapotoke kwa asilimia 5 juu au chini. Zidisha 1.96 kwa 1.96, kisha kwa 0.5, kisha tena kwa 0.5, halafu gawanya kwa 0.05 mara 0.05. Jibu ni 384.16. Katika tasnifu nyingi nilizosoma hapa kwetu, kanuni hiyo huandikwa kuwa ni ya "Kish na Leslie, 1965", kana kwamba ni watu wawili. Ni mtu mmoja, Leslie Kish, mwanatakwimu mwenye asili ya Hungaria aliyefundisha Michigan, Marekani. Simcheki mwanafunzi yeyote kwa hilo. Nalitaja kwa sababu linanionyesha jinsi namba hii inavyonakiliwa kutoka tasnifu moja hadi nyingine bila mtu kwenda kuuliza ilizaliwa kwa ajili ya nini.

Kanuni hiyohiyo, ikirekebishwa kwa darasa la watu 60, inashuka hadi 52. Na ukiwa na 60 mbele yako, wale 8 unawaacha kwa nini? Waulize wote.

Lakini hesabu hiyo si kiini cha shida yako. Swali lako linaanza na "kwa nini", na 384 inajibu "wangapi". Hata ungewapata watu 3,840 ukawapa karatasi ya kuweka alama, ungejua ni wangapi wasiotumia patografu. Sababu zao zingebaki wodini zilikolala. Nakwambia hivi kwa uchungu, kwa sababu mimi nilikwenda njia ya karatasi.

Nilikuwa na miaka mitatu tu katika ufundishaji. Niliendesha mafunzo ya patografu ya wiki moja, kisha nikagawa hojaji. "Najiamini kutumia patografu": nakubali kabisa, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Karibu wote waliweka alama kwenye "nakubali kabisa". Nikaandika ripoti, nikapongezwa, ripoti ikaingia kabatini. Miezi minne baadaye nilikwenda hospitali moja ya wilaya saa kumi na moja alfajiri, kumchukua mwanafunzi wangu aliyeshikwa na malaria akiwa zamu ya usiku. Nikamkuta mwenzake mezani, binti hodari, mmoja wa wale waliojiamini kabisa. Alikuwa na patografu tatu mbele yake na kalamu mkononi, anachora. Akina mama wote watatu walikuwa wameshajifungua. Nilisikia watoto wakilia nyuma ya pazia. Yeye alikuwa anajaza mapigo ya moyo ya saa sita usiku, ya saa sita na nusu, ya saa saba. Mstari wa mlango wa kizazi ulipanda mzuri, ulionyooka, haukugusa popote mstari wa tahadhari, ule unaoonya kwamba uchungu unachelewa.

Sikumgombeza. Nilivuta kiti nikamwuliza, "Mwanangu, usiku umekwendaje?" Akanieleza. Akina mama walikuwa sita, wakunga wawili. Vipimo alivyowahi kuchukua aliviandika kwenye kipande cha boksi la glavu, na vingine kiganjani. Sista mkuu alitaka kila faili liwe na patografu iliyojaa kabla ya mzunguko wa asubuhi. Na mstari ukivuka tahadhari, utaulizwa kwa nini hukumwita daktari, na daktari usiku kucha alikuwa chumba cha upasuaji. "Kwa hiyo, Mwalimu," akaniambia, "mstari usipovuka, hakuna anayeulizwa."

Fikiria sasa kila chombo kingeniambia nini kuhusu binti yule. Hojaji ilisema anajiamini, na kweli alijiamini. Mtihani wa darasani ungempa alama za juu. Aliweza kuchora uchungu mzima kutoka kichwani. Ukaguzi wa mafaili ungekuta patografu zote zimejaa, tena kwa mwandiko mzuri. Majibu matatu, yote ya kweli, na hakuna hata moja lililomwona mama aliyelala kitanda cha nne saa saba usiku bila mtu kumsikiliza mtoto wake. Ile mistari miwili ya patografu, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, ilitokana na kazi ya Philpott na Castle huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, iliyochapishwa mwaka 1972. Walitaka mkunga aliye mbali na hospitali ajue mapema lini ampeleke mama. Patografu inayochorwa baada ya mtoto kuzaliwa haiwezi kumpeleka mtu popote.

Mwaka 1990 George Miller, Mmarekani, alipanga umahiri wa mtabibu kama piramidi ya ngazi nne: anajua, anajua jinsi ya kufanya, anaonyesha jinsi anavyofanya, na juu kabisa anatenda kazini. Mtihani wa kuandika unapima ngazi mbili za chini. Mtihani wa vituo, mwanafunzi akizunguka kituo kwa kituo na kufanya kazi huku anatazamwa, ule ambao Ronald Harden na wenzake wa Dundee waliueleza mwaka 1975, unafika ya tatu. Ya nne iko wodini, usiku, karatasi zikiwa chache na watu wakiwa wamechoka. Hojaji yangu ya kujiamini haikukanyaga ngazi yoyote kati ya hizo.

Baada ya alfajiri ile niliomba ruhusa upya, nikarudi kukaa. Niliandika mambo mawili tu kwa kila kipimo: saa mkunga alipomgusa mama, na saa kalamu ilipogusa karatasi. Usiku wa kwanza na wa pili kila kitu kilijazwa kwa wakati wake, kwa sababu mwalimu yupo. Sikuzitupa siku hizo. Zilinifundisha kwamba wanaweza, ila wanaweza wakiwa wanatazamwa. Ilipofika wiki ya pili nilikuwa nimezoeleka kama kiti cha wodi, na hapo ndipo kalamu zilipoanza kuchelewa. Kisha nikawahoji: wanafunzi, wakunga, daktari wa zamu, na mtunza stoo. Yule mtunza stoo nilimwendea mwisho, nikidhani sina kubwa la kumwuliza, kumbe ndiye aliyejua karatasi zinaletwa mara ngapi na zinaisha lini. Baada ya hapo ndipo niliporudi kwenye kuhesabu, nikatembelea wodi nyingine na orodha fupi ya mambo niliyokwisha kuyajua, ili nione yameenea kiasi gani. Namba zile zilikuwa na maana kwa sababu nilijua ninahesabu nini. Watu wanaiita mbinu mseto. Mimi naona ni kufuata swali linakokwenda.

Sasa hao 18 wako. Mwaka 2006 Guest, Bunce na Johnson walichapisha kazi waliyoifanya kwa mahojiano ya kina na wanawake 60 wa Ghana na Nigeria. Walirudi nyuma kuangalia ni wapi mambo mapya yaliacha kujitokeza, wakakuta sehemu kubwa ilikuwa imeshapatikana katika mahojiano 12 ya kwanza. Kwa hiyo 18 si haba. Ila nakuomba sana, 12 isije ikawa 384 mpya! Watu wao walikuwa wa aina moja na waliulizwa maswali yaleyale. Wewe una wanafunzi, wakunga na madaktari, makundi matatu yasiyoona wodi kwa jicho moja. Ukisikia jambo jipya kabisa kutoka kwa mtu wa 18, endelea na wa 19.

Na msimamizi wako, mpe haki yake kidogo. Mahojiano 18 yanaweza kweli kuwa umbea. Nimesoma tasnifu ambazo mtafiti aliongea na watu kumi, akachagua sentensi sita zilizompendeza, akazibandika chini ya vichwa alivyokuwa navyo tangu kwenye pendekezo. Huo ni umbea, hata ukipigwa chapa. Ili wako uwe utafiti, rekodi sauti na uiandike neno kwa neno katika lugha iliyosemwa, kama ni Kilugbara kiwe Kilugbara, kabla ya kutafsiri chochote. Mtafute mwenzako asome mahojiano matatu au manne peke yake, akitia alama zake, kisha mkae mbishane mlipotofautiana; mabishano yale ndiyo kazi yenyewe. Mtafute kwa makusudi yule asiyekubaliana na wenzake. Katika wodi yangu alikuwepo mkunga mmoja mzee aliyejaza patografu kwa wakati kila usiku, hata wagonjwa wakiwa wengi. Ningemwacha nje kwa kuwa aliharibu hadithi yangu, nisingejua kwamba alikuwa akiibandika ukutani juu ya kitanda cha mama badala ya kuiacha mezani. Na ujiandike wewe mwenyewe ndani ya tasnifu: wewe ni mwalimu wao, unawapa alama, wanakuogopa. Msomaji anahitaji kulijua hilo ili apime walichokwambia.

Usigombane na msimamizi. Andika upya ukurasa wa maswali. Swali la kwanza: katika wanafunzi wote 60, ni wangapi wanajaza patografu wakati uchungu unaendelea? Hapo hesabu inatawala, na utaona uso wake ukilegea. Swali la pili: ni mambo gani wodini yanaifanya kalamu ichelewe? Hapo weka kutazama na wale 18, ueleze utakavyolinda ubora kama nilivyotaja. Mwambie pia kwamba mwaka 2008 Cook, Bordage na Schmidt walipitia makala za majaribio katika elimu ya udaktari. Nyingi zilikuwa zikiuliza tu kama mbinu fulani inafanya kazi. Zilizouliza inafanyaje kazi, na kwa nini, zilikuwa asilimia 12. Pengo lako liko hapo.

Jambo la mwisho kabla sijakuacha: angalia wodi yako inatumia karatasi ipi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu mwaka 2020, unaoanza kuhesabu uchungu halisi mlango wa kizazi ukifika sentimita 5 badala ya 4. Ukikuta karatasi za zamani stoo na somo jipya darasani, usishangae wanafunzi wakichanganyikiwa, na uliandike hilo kabla ya kumlaumu mtu.

*Mwalimu, salamu kutoka Hoima. Ninafundisha wahudumu wa afya wa kijiji, VHT, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Kyangwali. Wengi wao ni ndugu zetu kutoka Kongo, na Kiswahili ndicho tunachoelewana nacho. Baada ya kila mafunzo tunawapa hojaji iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza. Kila swali wanajibu "nakubali". Wafadhili wamefurahi. Mimi sina amani. Kosa langu liko wapi?*
*Mratibu wa mafunzo, Hoima*

Kaka yangu, huko kukosa amani kusikuache haraka, kuna kitu kimekuonyesha.

Mgeni hamwambii mwenyeji wake kwamba mboga haina chumvi. Mtu aliyekimbia vita, akapewa kiwanja na turubai, akaja mtu mwenye karatasi na kitambulisho shingoni kumwuliza kama mafunzo yalikuwa mazuri, atajibu nini? Hajui karatasi hiyo inakwenda wapi. Huenda anadhani inahusu orodha ya chakula. "Nakubali" yake ni heshima, na pengine ni kinga. Ukiichukua kama kipimo cha mafunzo unamdhulumu yeye na unajidhulumu mwenyewe.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Mimi nilizaliwa kambi ya polisi, baba Mteso, mama Mgisu, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha mezani. Kiswahili cha kambini, cha Bunia kule Kongo na cha vitabu vya shule ni ndugu watatu waliolelewa nyumba tofauti. Chukua neno "homa" tu. Kuna wanaolisema wakimaanisha joto la mwili, na kuna wanaomaanisha mafua. Mhudumu akiulizwa "mtoto mwenye homa umpe nini", wawili wanaweza kutoa majibu mawili, na wote wakawa sahihi kwa homa ya kwao. Wengi hutegemea tafsiri ya kurudi, ile aliyoieleza Richard Brislin mwaka 1970: mmoja anatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine asiyeona asili anarudisha Kiingereza, kisha mnalinganisha. Ifanye, ni nzuri. Lakini watafsiri wawili waliosoma wanaweza kuelewana vizuri kwa maneno ambayo mama wa Kyangwali hajawahi kuyatamka. Kwa hiyo kabla ya kuchapa, kaa na watu watano au sita chini ya mti, soma swali moja, kisha mwambie mmoja wao: hili umelielewaje, nieleze kwa maneno yako. Halafu nyamaza. Jambo hili halina gharama ila muda, na sijawahi kulifanya nikarudi nyumbani bila swali hata moja lililohitaji kubadilishwa.

Ila ushauri wangu mkubwa kwako ni kupunguza maswali ya kukubali na kumwomba mtu afanye. Tangu mwaka 2010 hapa Uganda VHT wamepewa kazi ya kutibu malaria, kuhara na nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Nimonia inategemea kuhesabu pumzi. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka mno. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya mitano, mara 40 au zaidi. Swali la hojaji linaloandikwa ni "je, unaweza kuhesabu pumzi?" Badala yake mpelekee mtoto aliyetulia mapajani mwa mama yake, asiyelia, asiyenyonya, na mhesabu wote wawili dakika nzima kwa wakati mmoja, kila mtu na karatasi yake, bila kutajiana. Rudia na watoto kadhaa. Usikimbilie wastani, kwa sababu aliyezidisha kwa 8 na aliyepunguza kwa 8 wastani wao unaonekana mzuri wakati wote wawili wamekosea. Tazama ni mara ngapi namba zenu zilimweka mtoto upande uleule wa mpaka, maana hapo ndipo dawa inapotolewa au haitolewi. Kipo kipimo cha Jacob Cohen cha mwaka 1960, kiitwacho kapa, kinachoondoa ule mwafaka ambao ungetokea kwa bahati tu. Mtu wa takwimu atakusaidia kukikokotoa, lakini kazi ngumu ni ya kumpata mtoto aliyetulia!

Baada ya hapo kaa naye, umwambie: nisimulie mtoto wa mwisho uliyemhudumia, tangu mama alipobisha hodi. John Flanagan alieleza mbinu hii ya kuulizia tukio moja mahususi mwaka 1954, na ilitokana na kazi yake ya kuchunguza marubani wa jeshi la anga la Marekani. Inafaa sana kwa watu wetu, kwa sababu anayeulizwa maoni hutafuta jibu la kukupendeza, lakini anayesimulia tukio humkumbuka mtoto. Utasikia kwamba saa ya kuhesabia dakika iliisha betri tangu mwezi jana. Utasikia kwamba mume alitaka dawa palepale hata mtoto hakuwa na nimonia. Hakuna chaguo la "nakubali kabisa" litakalokuletea hayo.

Wafadhili wapelekee yote mawili, ile furaha ya hojaji na jedwali la pumzi, ukurasa mmoja. Usiwafiche. Wenye nia njema watakuuliza betri zinagharimu kiasi gani.

*Daktari kijana, Gulu, anaandika: nataka kulinganisha njia mbili za kufundisha kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Nusu ya darasa langu watafundishwa kwa mdoli, nusu kwa somo la darasani. Je, hiyo haitoshi?*

Mwanangu daktari, wazo la kulinganisha ni jema, lakini wanafunzi wako wanalala bweni moja. Jioni ya siku ya kwanza aliyeshika mdoli atamwonyesha mwenzake kwa mto, na ni vizuri amwonyeshe. Kesho yake huna tena makundi mawili. Heri ulinganishe makundi ambayo hayalali pamoja: darasa la mwaka huu na la mwaka ujao, au kampasi mbili, ukikubali kwamba yanaweza kutofautiana kwa mengine na ukayaandika hayo wazi. Au wafundishe wote kwa mdoli, ila kwa zamu, ukiwapima wote kabla na baada ya kila zamu. Ukipima, pima mikono. Mafunzo ya mdoli yaliyoenea duniani tangu mwaka 2010 yamejengwa juu ya dakika moja ya kwanza, wanayoiita dakika ya dhahabu: kabla haijaisha mtoto awe anapumua mwenyewe au anapulizwa hewa kwa mfuko na barakoa. Basi shika saa. Rudi tena baada ya miezi mitatu na sita, bila taarifa, maana mikono husahau upesi.

La pili ni zito zaidi. Hao ni wanafunzi wako, na hawawezi kukukatalia kwa urahisi. Utafiti wako lazima upite kwanza kwenye kamati ya maadili ya utafiti inayotambuliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, kisha usajiliwe kwenye Baraza lenyewe. Usikubali anayekwambia kwamba utafiti wa elimu hauhitaji kibali kwa kuwa hakuna damu inayotolewa. Ridhaa iombwe na mtu mwingine asiyewafundisha, ukiwa haupo chumbani. Majina yabaki kwake mpaka alama za muhula ziwe zimetangazwa.

Na yule atakayekataa kushiriki, hakikisha naye anafika kwenye mdoli, saa zilezile na kwa mwalimu yuleyule. Mwekee siku yake kwenye ratiba kabla hujagawa fomu hata moja.